Je, Wajua? Ibada Ilikuwapo Kabla ya Kinanda

Je, wajua kwamba Ibrahimu alipowaacha vijana wake na punda, katika Mwanzo 22, aliwaambia anakwenda kuabudu? Hakuwa na kwaya wala kinubi. Isaka alitwikwa kuni, baba akashika moto na kisu, na kilichotakiwa madhabahuni ni mtoto aliyemngojea hadi uzeeni. Mungu alimzuia asimchinje, lakini ibada ilikwisha kuonekana: Ibrahimu hakumnyima Mungu kitu. Ndiyo maana huwa naumia nikisikia nyimbo za taratibu za kabla ya mahubiri zikiitwa kuabudu, kana kwamba mahubiri, sadaka na kazi ya Jumatatu ni mambo mengine kabisa.

Wajua kwamba ala nyingi kanisani si mtindo wa juzi? 1 Nyakati 23 inataja Walawi 4,000 waliowekwa kumsifu Bwana kwa ala alizozitengeneza Daudi.

Lakini je, wajua kwamba kuna wakati Mungu alizikataa nyimbo hizo? Nabii Amosi, karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwaambia Waisraeli kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo zao wala vinubi vyao. Kisa ni kwamba langoni, palipokuwa mahakama ya siku zile, hongo zilipokelewa na maskini akanyimwa haki, na watu walewale walikuja kuimba. Sura ya 5 yote inafaa kusomwa polepole na kila kiongozi wa kwaya, na kila mwajiri anayechelewesha mishahara ya watu.

Wajua kwamba zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote katika kitabu cha Zaburi? Ile ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa shukrani. Aliyefiwa wiki hii asilazimishwe kurukaruka Jumapili. Kilio chake mbele za Mungu ni ibada kamili.

Wajua kwamba somo kubwa la Yesu kuhusu mahali pa kuabudu hakulitoa hekaluni? Alilitoa kisimani, kwa mwanamke Msamaria aliyekuja kuchota maji mchana. Mama yule alitaka kujua nani yuko sahihi, Wasamaria na mlima wao au Wayahudi na Yerusalemu yao. Yesu alimwonyesha kwamba Baba anatafuta watu wa kumwabudu kwa roho na kweli, popote walipo. Mwaka 70 Warumi walilibomoa hekalu la Yerusalemu, na kanisa likaendelea kuabudu majumbani.

Je, wajua kwamba moja ya taarifa za kale kabisa kuhusu ibada ya Wakristo iliandikwa na mtu aliyekuwa akiwahukumu kifo? Ni Pliny Mdogo, gavana wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, katika barua yake kwa Kaisari Trajan mnamo mwaka 112. Waliowahi kuwa Wakristo walimweleza kwamba hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kwa kupokezana, huapa kutoiba, kutozini na kutodhulumu amana ya mtu, kisha hutawanyika na baadaye hukutana tena kula chakula cha kawaida. Ili ahakikishe, Pliny aliwatesa wanawake wawili, watumwa, waliokuwa mashemasi. Hakupata jipya. Tazama kiapo kile: kutodhulumu amana kumetajwa pumzi moja na wimbo. Na siku zile Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mapumziko yalikuja mwaka 321 kwa amri ya Kaisari Konstantino.

Wajua kwamba palikuwa na vyeti vya ibada? Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu, na mwaka 250 tume za vijiji zilikuwa zikithibitisha nani ametii. Baadhi ya vyeti hivyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa Misri. Kimoja ni cha mzee wa miaka 72, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anasema siku zote ametoa sadaka, na sasa ametoa tena mbele ya tume, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Wakristo wengine walivinunua vyeti kwa fedha ili wasiguse madhabahu, jambo lililozua mgogoro mkubwa kanisani. Wengine walikataa, wakafungwa, wakafa. Watawala wa Rumi hawakuwauliza Wakristo wanaimba nini. Walitaka kujua nani bwana wao.

Wajua kwamba Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza watu wasipige magoti siku ya Jumapili? Waombe wamesimama, kwa sababu ni siku ya ufufuko.

Wajua kwamba makanisa mengi ya Kiorthodoksi huimba bila ala yoyote hadi leo, ilhali ndugu zao wa Ethiopia hupiga ngoma na kucheza mbele za Bwana wakiwa na fimbo za maombi mikononi? Wote ni wa kale, na wote wanaabudu.

Wajua kwamba Marafiki, yaani Wakweka, walioanzia Uingereza karne ya 17, walijulikana kwa kukaa kimya ibadani wakimsubiri Roho? Wamisionari wao Wamarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wanaimba kwa nguvu zote.

Wajua kwamba wimbo wa Pasaka unaojulikana kama Mfurahini Haleluya, uliomo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri hadi Marekani, uliandikwa na mchungaji wa Tanzania, Bernard Kyamanywa, kwa sauti ya Kihaya? Na kwamba mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, ambamo watakatifu na mababu wema huitwa mwanzoni na madhabahu huzungukwa kwa kucheza?

Wajua kwamba miaka ya 1990 kanisa moja la Watford, Uingereza, liliondoa bendi na vyombo vyote kwa muda, ili waumini wajiulize wamemletea Mungu nini? Laiti na sisi tungejaribu hata mwezi mmoja.

La mwisho. Je, wajua Justin Mfiadini, akiandika Roma mnamo mwaka 155, alimalizia vipi maelezo yake ya ibada ya Jumapili? Baada ya masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, mashemasi waliwapelekea wasioweza kufika. Kisha wenye nacho walichanga, na mchango ukawa wa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Jumapili hii, kabla hujatoka kanisani, muulize mzee wa kanisa nani hakufika kwa sababu ya ugonjwa, uende kwake siku hiyohiyo.