Sanduku Halina Kumbukumbu

Mlio Kau, Garsen na kando zote za Mto Tana, leo tupige hesabu pamoja. Katika michezo mingi ya simu huuzwa sanduku lililofungwa: unalipa kwanza, ndipo unaona kilichomo. Je, lina faida?

Tuseme sanduku ni shilingi 50. Kwa wastani, moja katika 100 lina kitu cha shilingi 1,000. Mengine hayana cha thamani. Gawanya 1,000 kwa 100: kila sanduku lina thamani ya shilingi 10 tu. Arobaini zimekwenda kwa mwenye mchezo.

Wako wasemao, “Nikifungua 100, sitakikosa.” Sivyo. Kila sanduku huanza upya. Halikumbuki umelipa mara ngapi. Watu 100 wakifungua masanduku 100 kila mmoja, wapatao 37 watakikosa kabisa.

Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya kulipia katika baadhi ya michezo ni kamari.

Mvuvi akikosa samaki leo, mgono wake anao bado. Mfungua sanduku hubaki na nini? Ndugu, tuhesabu kabla ya kulipa.