Mgonjwa wa Kisukari Asingoje Chungu Kiive

Wakati wa kulima na wa kuvuna akina mama wengi wa Gehandu, upande wa Mbulu na upande wa Hanang, hurudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Ndipo moto huwashwa, na maharage makavu huweza kuchukua saa mbili au zaidi kuiva. Mtu mwenye afya huvumilia njaa. Lakini kama baba, bibi au mtoto wa nyumba hiyo ana kisukari na anatumia dawa, kungoja huko kwaweza kuhatarisha maisha yake.

Wengine bado hudhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta mgonjwa chini ya 1 katika kila watu wazima 100 wa vijijini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, mijini na vijijini, ulikuta karibu 9 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Basi jambo hili latuhusu sote.

KWA NINI ASICHELEWE KULA?

Insulini, na baadhi ya vidonge kama glibenklamaidi, hushusha sukari ya damu hata kama mgonjwa hajala. Dawa ya asubuhi yaweza kuendelea kufanya kazi hadi jioni, na jembe nalo hutumia sukari. Chakula kikichelewa, sukari hushuka mno. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, kisha huchanganyikiwa. Watu huweza kusema amelewa.

Mpe upesi vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na umpeleke hospitali mara moja.

KUPIKA MAPEMA

Hakuna haja ya chungu cha mgonjwa na chungu cha wengine. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari kinawafaa wote nyumbani. Fanya hivi:

1. Chagua maharage na kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo na uyachemshe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu kwa nusu saa.

2. Funika sufuria, uiweke ingali moto ndani ya kapu lililojazwa nyasi kavu au matambara, na uifunike juu vizuri. Maharage yataendelea kuiva wewe ukiwa shambani, na kuni zitapungua. Makande hupikwa vivyo hivyo, mahindi yasikobolewe.

3. Jioni yachemshe tena mpaka yatokote na kulainika. Hapo ndipo utie kitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Mafuta ya alizeti yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Yaliyobaki yasilazwe mpaka kesho bila friji, na yakitoa harufu ya uchachu yamwagwe.

4. Mboga za majani zioshwe na kuchambuliwa mapema, lakini zikatwe na kupikwa jioni kwa muda mfupi.

5. Ugali usongwe jioni, nao hauchukui muda. Tumia unga wa dona, mtama au ulezi badala ya sembe. Makapi yake hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Hata hivyo dona nalo ni wanga, lisiliwe bila kipimo.

SAHANI YAKE IWEJE?

Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe maharage, dengu, mayai, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo inayobaki iwe ugali, kama ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Viazi vitamu, ndizi na wali huhesabiwa pamoja na ugali. Akila hivi, ugali upunguzwe. Makande yana mahindi ndani, hivyo yasiliwe pamoja na ugali. Maziwa au mtindi usiotiwa sukari wafaa, kikombe kimoja.

Siku ya mnada au ya safari, mgonjwa achukue kiazi kilichochemshwa na sukari kidogo mfukoni. Asinywe pombe akiwa na njaa, kwani nayo hushusha sukari. Wala asiache dawa kwa kuogopa yaliyosemwa hapa. Aulize katika zahanati, au katika hospitali kama Haydom au Dareda, dawa yake inywewe saa ngapi na chakula gani.

Wazazi, wafundisheni watoto wakubwa kuwasha moto na kupasha maharage hayo. Mama akichelewa njiani, bibi atakuwa amekwisha kula.