Mechi Mbili, Kioo Kimoja: Fedha Inaishia kwa Nani?

Biashara ya kuonyesha mechi mbili kwa wakati mmoja ilizaliwa kutokana na dhuluma. Juni 25, 1982, katika Kombe la Dunia, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria bao la mapema, kisha timu zote mbili zikaacha kushambuliana. Matokeo hayo yalizivusha zote na kuitoa Algeria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani haohao 2-1 na kumaliza mechi zake siku moja kabla kwa kuilaza Chile 3-2. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi zikaanza kuchezwa saa ileile. Haki ikapatikana uwanjani. Mtazamaji naye akakabidhiwa kazi mpya: kufuatilia viwanja viwili kwa rimoti moja.

Watanzania wanaujua usiku wa namna hiyo. Januari 24, 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars ilikutana na DR Congo mjini Korhogo, Ivory Coast, saa 5 usiku kwa saa za huku, wakati Zambia na Morocco zikicheza San-Pédro. Ushindi ungetupa pointi nne, lakini uzito wa pointi hizo ungetegemea Zambia imefanya nini. Tulitoka sare ya 0-0, safari ikaishia hapo. Kule San-Pédro Morocco ilishinda 1-0, na bao hilo likawaokoa wenyeji Ivory Coast, ambao walikuwa wameshamaliza mechi zao na kubaki kuombea wengine wateleze. Februari 11 wakawa mabingwa wa Afrika. Aliyetazama mechi moja tu usiku ule alipata nusu ya habari.

Siku kama hizo zimekuwa nyingi. Ligi Kuu ya England huchezesha mechi zake zote 10 za raundi ya mwisho kwa pamoja, saa 12 jioni kwetu. Mei 13, 2012, Manchester United walikuwa wameshamaliza kazi yao Sunderland kwa 1-0 na wanasubiri ubingwa, ndipo Sergio Agüero akaifungia Manchester City bao la tatu dhidi ya Queens Park Rangers katika dakika za nyongeza. Muundo mpya wa Ligi ya Mabingwa Ulaya umekwenda mbali zaidi: Januari 29, 2025, mechi 18 zilianza kwa wakati mmoja. Ongeza hapo kijana mwenye mkeka wa kubeti wa timu nane. Yeye si mshabiki wa timu moja tena. Ana fedha yake katika viwanja vinane, na macho yake yanataka kuwa kote.

Kwa hiyo wateja wapo. Kinachostahili kuchunguzwa ni kwa nini, kati ya wote wanaojinasibu kuwahudumia, anayewahudumia vizuri zaidi mpaka leo ni mwenye kibanda umiza, ule ukumbi wa mtaani wa kutazama mpira kwa kiingilio.

Tuanze na kioo chenyewe, maana hapo ndipo mnunuzi hudanganyika kirahisi. Bei ya TV kubwa imeshuka kwa sababu ya viwanda vya China. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya BOE ilianza uzalishaji mjini Hefei katika kiwanda kinachotumia bamba la kioo lenye upana wa milimita 2,940 na urefu wa milimita 3,370. Bamba moja hutoa vioo vinane vya inchi 65, au sita vya inchi 75, bila kutupa sehemu kubwa. Wengine wakafuata nyayo, soko likafurika. Samsung iliacha kutengeneza paneli za LCD mwaka 2022, na LG ikauza kiwanda chake cha Guangzhou kwa kampuni ya kundi la TCL. Ndiyo maana duka la Kariakoo au la Luthuli Avenue, Nairobi, linapanga inchi 65 mlangoni, mahali ambapo miaka kumi iliyopita palikuwa pa inchi 32.

Sasa chukua tepu upime. TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81. Ukiigawa ili mechi mbili zikae ubavu kwa ubavu, kila picha inapata upana wa sentimita 72, na kwa kuwa umbo la picha ni 16 kwa 9, kimo chake kinakuwa kama sentimita 40 na nusu tu. Hiyo ni TV ya inchi 32 na nusu. Nusu nzima ya kioo ulichokilipia, juu na chini, inabaki nyeusi. Dukani, bei ya inchi 65 moja inanunua inchi 32 mbili na chenji inabaki. Hesabu hii peke yake inaeleza kwa nini mwenye kibanda hutundika TV mbili ukutani badala ya kuhangaika na moja kubwa, na kwa nini hajapata hasara kwa uamuzi huo.

Kioo kikubwa kinaanza kulipa pale mechi zinapofika nne. TV ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo ni picha nne kamili za nukta 1,920 kwa 1,080, bila kupoteza hata nukta moja. Picha nne hujaza kioo chote. Mbili hukiacha nusu tupu, isipokuwa moja iwe kubwa na nyingine ndogo pembeni, na hapo mwenye timu ya pembeni hatakosa kulalamika.

Hiyo picha ndogo ya pembeni ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika Olimpiki ya Montreal ya 1976, mtambo wa kampuni ya Uingereza iitwayo Quantel uliwawezesha watangazaji kuonyesha mwenge ndani ya kidirisha huku sehemu nyingine ya picha ikimfuata mkimbiaji anayeingia uwanjani. Katika miaka ya 1980 ufundi huo uliingia kwenye TV za nyumbani za bei ya juu. TV ya chogo ya aina hiyo ilibeba vipokea mawimbi viwili ndani yake, au ilitumia deki ya video kama kipokezi cha pili, na mwenye nyumba aliweza kutazama filamu huku taarifa ya habari ikionekana kwenye kona.

Ufundi huo haukufa kwa kukosa wapenzi. Uliuawa na king'amuzi. Mechi zinazotafutwa zilipohamia kwenye matangazo ya kulipia, kipokea mawimbi kilichomo ndani ya TV kilibaki na chaneli za bure tu, na mechi zikawa zinaingia kupitia waya wa HDMI, mmoja kwa kila king'amuzi. TV nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI, lakini huonyesha moja tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa mtengenezaji hakutaka kuongeza gharama ya kuchakata picha mbili kwa ajili ya jambo ambalo mnunuzi haliulizii dukani. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na Kenya ikafuata 2015. Tangu hapo king'amuzi kimekuwa ndicho mlango wa kuingilia karibu kila nyumba yenye TV.

Samsung ilijaribu njia nyingine mwaka 2013. TV yake ya OLED ya inchi 55, iliyouzwa Marekani kwa takriban dola 9,000, iliwawezesha watu wawili waliovaa miwani maalumu kutazama vipindi viwili tofauti, kila mmoja kwa kioo kizima, na sauti ikitoka kwenye miwani yenyewe. Kiufundi ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Kibiashara ilikosea kabisa kumsoma mteja. Anayetaka mechi mbili anazitaka zote mbili yeye mwenyewe, tena anataka kushangilia na aliyekaa kando yake. Teknolojia ya miwani ilipokufa pamoja na TV za 3D miaka michache baadaye, wazo hilo lilizikwa nalo.

Hapa kwetu kuna gharama nzito kuliko ya kioo: haki za matangazo. Azam Media inashikilia Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa na shirikisho la soka, TFF, mwaka 2021. Ligi ya England na Ligi ya Mabingwa Ulaya ziko kwa SuperSport ya MultiChoice, kampuni ambayo tangu Septemba 2025 iko chini ya Canal+ ya Ufaransa. Anayetaka Yanga upande mmoja na Arsenal upande wa pili anahitaji ving'amuzi viwili na vifurushi viwili vya kila mwezi. Madishi nayo ni mawili, kwa sababu Azam iko kwenye setilaiti ya nyuzi 7 mashariki na DStv kwenye nyuzi 36. Fundi wa madishi anafanya kazi ileile mara mbili na analipwa mara mbili. Hata mechi mbili za kampuni moja si rahisi: MultiChoice ina huduma ya kuunganisha ving'amuzi viwili chini ya akaunti moja kwa ada ya ziada, lakini huduma hiyo imekusudiwa TV mbili katika vyumba viwili. Kampuni za kulipia zimezoea kuihesabu familia kwa idadi ya TV zake.

Mwenye kibanda ndiye anayeuvunja mgawanyo huo kwa fedha yake. Analipia vifurushi viwili, ananunua umeme wa LUKU, anaweka mabenchi, kisha anagawa gharama yote kwa vichwa vilivyoketi, kwa kiingilio ambacho mara nyingi ni shilingi 500 au 1,000. Siku ya mechi moja kubwa anajaza benchi kwa mashabiki wa timu mbili. Siku ya mwisho wa ligi anapowasha TV ya pili anaingiza mashabiki wa timu nne kwenye ukumbi uleule, mbali na wenye mikeka. Faida yake ya TV ya pili inatoka kwenye siku kama hizo. Siku nyingine zote ile ya pili ni akiba, ya kwanza ikiharibika dakika ya 70.

Wanasheria wa kampuni za matangazo watasema, na wana haki, kwamba kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kutoza kiingilio, na kwamba kuna vifurushi vya biashara kwa ajili ya baa na kumbi. Kenya, kumbi za video zinatakiwa kuwa na leseni ya Bodi ya Uainishaji Filamu. Naunga mkono sheria hizo kwa dhati, kwa kuwa bila kampuni hizo kulipwa hakuna matangazo. Lakini kifurushi cha biashara kilichopangwa kwa kipimo cha baa ya mjini hakimfai mwenye mabenchi sita Tandale, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, na matokeo yake ni kwamba wengi wanabaki nje ya vitabu. Kifurushi cha bei ya kibanda kingekusanya fedha ambayo leo haikusanywi na mtu yeyote.

Ziko picha mbili, ila sauti ni moja. Macho huvumilia kuruka kutoka kioo hadi kioo, lakini watangazaji wawili wakizungumza kwa pamoja huzaa kelele tu. Mwenye kibanda hodari hulitatua kwa kuacha sauti ya mechi yenye watu wengi na kuhamisha pale penalti inapotolewa upande wa pili. Ujerumani walilifanya jambo hilo kuwa bidhaa: Konferenz, matangazo yanayoruka uwanja hadi uwanja kila bao linapofungwa. Wafaransa wana Multiplex. Marekani, chaneli ya futiboli ya Kimarekani ya NFL RedZone, iliyoanza 2009, hugawa kioo hadi visanduku vinane. Katika zote hizo, kinachouzwa ni uamuzi wa mhariri wa nini kitazamwe sasa.

Suluhisho la bei nafuu zaidi limetoka Marekani. Mwaka 2023, YouTube TV ilianza kuwapa wateja wake hadi mechi nne kwa pamoja, bila kuwataka wanunue TV mpya. Mechi nne zinaunganishwa kuwa picha moja kwenye mitambo ya kampuni, na TV inapokea mkondo mmoja kama kawaida. Ubora wa mpango huu kwa Afrika Mashariki uko kwenye data. Mechi moja kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde hula takriban gigabaiti mbili na robo kwa saa. Mikondo miwili ingekula mara mbili, na bando lisingefika kipindi cha pili. Mkondo uliokwisha kuunganishwa hula kama mmoja. Kwa dishi ni hivyohivyo: chaneli moja iliyogawanywa studio inaingia kwenye king'amuzi chochote, hata kile cha zamani kuliko vyote, na kuonekana kwenye TV yoyote.

Huduma hiyo haipatikani kwetu, lakini hakuna sababu ya kuisubiri. Siku ya mwisho ya Ligi Kuu yetu mechi za kuamua bingwa na za kuamua nani anashuka daraja huchezwa kwa wakati mmoja, na haki zake za televisheni ziko mkononi mwa kampuni moja, Azam Media, hadi mwisho wa mkataba. Haihitaji kununua haki kwa mtu wala kugawana mapato na mshindani. Inahitaji chaneli moja ya ziada kwa saa mbili, kioo kilichogawanywa mara nne, na mtangazaji mmoja wa Kiswahili anayejua ni wakati gani wa kuacha uwanja mmoja na kukimbilia mwingine. Matangazo ya biashara ya saa hizo mbili, siku ambayo nchi nzima imekaa mbele ya TV, yangerudisha gharama hiyo kabla ya kipindi cha pili.