RAGHIBA: KITENZI KIMOJA, MAANA MBILI ZINAZOPINGANA



Wanafunzi wapenzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nataka tukae kidogo na kitenzi cha Kiarabu ambacho huwaangusha wengi katika darasa la nahau. Hata mimi kiliniangusha. Nilipokuwa mwanafunzi nilifasiri mbele ya sheikh wangu ile hadithi ya watu watatu, nikasema kwamba mwenye kuipenda Sunna ya Mtume si katika yeye. Darasa zima likanyamaza. Sheikh hakunikemea, aliniambia tu: "Rudi, soma herufi inayofuata."

Kitenzi chenyewe ni raghiba, yarghabu, kwa mizani ya sami'a, yasma'u. Sisi Waswahili tunalo neno "raghba", yaani hamu au shauku, na hapo ndipo penye mtego: Kiswahili kimechukua upande mmoja tu.

Kikifuatwa na harfu jarri "fii", maana yake ni kutaka jambo na kulipenda. Kikifuatwa na "ilaa", ni kuelekea kwa matumaini na maombi, kama mwisho wa Suratul Inshirah (94:8). Lakini kikifuatwa na "'an", maana hugeuka kabisa: ni kukipa kitu mgongo. Tazama Suratul Baqara (2:130), juu ya mwenye kuiacha mila ya Nabii Ibrahim, na Suratu Maryam (19:46), pale baba yake anapomuuliza kama anaikataa miungu yake.

Sasa turudi kwenye hadithi. Ameipokea Anas bin Malik (R.A.), na imo katika Bukhari na Muslim. Watu watatu waliuliza juu ya ibada ya Mtume, kisha mmoja akaazimia kuswali usiku kucha daima, wa pili kufunga kila siku, wa tatu kutooa kabisa. Mtume akawajulisha kwamba yeye hufunga na hufungua, huswali na hulala, na anaoa. Herufi iliyopo baada ya raghiba hapo ni "'an". Basi anayetengwa ni mwenye kuipa Sunna mgongo, si mwenye kuipenda!

Je, herufi isipotajwa? Imekuwa hivyo katika Suratun Nisaa (4:127), kuhusu mayatima wa kike. Wafasiri wametaja njia mbili: mnataka kuwaoa, au hamtaki kuwaoa. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza hali zote: walii anayemtaka yatima kwa mali na uzuri wake bila kumpa mahari yanayomstahiki, na walii anayemkataa kwa kuwa havina viwili hivyo. Kwa herufi kutotajwa, aya imewafikia wote wawili.

Kwa hiyo, mkifungua kamusi msiishie maana ya kwanza. Daftarini andikeni kitenzi pamoja na harfu yake. Anzeni na "maala": maala ilaa ni kuelemea kitu, maala 'an ni kukiepuka.

Wabillahi tawfiiq.