Transfo nayo ina moshi wake

Wamama wa Butembo na Beni tunaujua moshi wa makala, maana unatuingia machoni kila asubuhi. Moshi wa jenereta tunaujua pia, pamoja na kelele zake. Lakini kuna moshi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuona: ule uliotoka siku chuma cha transfo kilipoyeyushwa katika kiwanda cha mbali. Juma hili tunaupigia hesabu. Sababu ni kwamba katika kartie nyingi watu wanachangishana ili kupata transfo, na mchango huo unatoka mikononi mwetu sisi: mama wa mulino, mshonaji, muuza samaki wa baridi.

Wataalamu wanapotaka kujua kifaa cha umeme kimechafua hewa kiasi gani, hawaangalii kifaa hicho mahali kilipo tu. Wanafuata maisha yake yote, kuanzia mgodini, kiwandani, melini na barabarani, hadi miaka yake ya kazi na siku ya kutupwa. Kuna hata kanuni ya kimataifa ya hesabu hiyo, inaitwa ISO 14040. Kila kitu hugeuzwa kuwa kilo za hewa ya kaboni, ile inayozidisha joto la dunia na kuvuruga majira yetu ya kupanda maharage.

Tujaribu wenyewe, kwa makadirio. Chukua transfo ya kVA 250, uzito wake karibu tani moja. Tuseme ina kilo 600 za chuma, kilo 200 za shaba na kilo 200 za mafuta. Kutengeneza kilo moja ya chuma hutoa karibu kilo 2 za hewa ya kaboni, kilo ya shaba karibu 4, na mafuta tuyawekee 1. Jumla ni kilo 2,200. (Nyaya zikiwa za aluminiamu iliyotengenezwa kwa umeme wa makaa ya mawe, kila kilo yake inaweza kupita 15.) Sasa ongeza safari. Kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Kampala na Kasindi hadi Butembo ni karibu kilomita 1,700. Lori likitoa gramu 100 kwa kila tani katika kila kilomita, hiyo ni kilo 170. Meli kutoka China ni ndefu zaidi, lakini kwa kila tani hutoa kidogo sana, hata tukiiwekea kilo 130 tumeipa ya kutosha. Kwa hiyo transfo inafika kwetu ikiwa na tani mbili na nusu mgongoni, na barabara mbovu tunayoilalamikia kila siku si sehemu kubwa ya mzigo huo.

Inapoanza kazi, transfo yenyewe inakula umeme. Ukiigusa utaona ina joto. Hilo joto ni umeme uliopotea. Hata usiku wa manane, watu wamelala, chuma chake kinakula. Transfo nzuri ya ukubwa huu hupoteza karibu wati 300 bila kumhudumia mtu, na mzigo ukiingia upotevu unapanda. Tukichukua wastani wa wati 800, kwa mwaka ni yuniti 7,000.

Sasa inategemea umeme unatoka wapi. Kama ni mazutu, lita moja hutoa karibu yuniti tatu na kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Yuniti 7,000 zilizopotea zitakuwa zaidi ya tani sita kwa mwaka. Katika miezi mitano tu upotevu unashinda moshi wote wa kiwandani. Lakini kwetu maji yapo. Mutwanga, chini ya Rwenzori, mtambo wa kwanza wa Hifadhi ya Virunga ulianza 2013, na umeme huo umewezesha hata kiwanda cha sabuni. Luviro, upande wa Lubero, kuna mtambo wa megawati 14.6. Kwa umeme wa maji, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa mwaka 2014 kipimo cha katikati cha gramu 24 kwa yuniti. Upotevu ule ule unakuwa kilo 170 tu kwa mwaka. Itachukua karibu miaka 15 ili ulingane na moshi wa kuitengeneza.

Ndiyo maana kwetu swali kubwa si transfo inakula kiasi gani. Swali ni itadumu miaka mingapi. Ikikaa miaka 30, zile tani mbili na nusu zinagawanyika kuwa kilo 83 kwa mwaka. Ikiungua mwaka wa tatu, ni kilo 830 kwa mwaka, mchango mwingine unaanza, na jenereta zinarudi kunguruma mbele ya maduka.

Na transfo zinaungua kwa mambo tunayoyajua. Milino na mafundi wa kuchomelea wote wanafungwa kwenye laini moja huku nyingine mbili ziko wazi. Watu wanajiunganishia usiku. Radi inapiga, nasi tuko mashariki mwa Kongo, moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, lakini kinga ya radi ndiyo watu hukata kwanza wanapopunguza bei. Mafuta nayo yanaibwa. Nchini Kenya imeripotiwa kwamba mafuta ya transfo huuzwa kwa wakaanga chakula. Mama usiyanunue hata kama ni rahisi: katika transfo za zamani yanaweza kuwa na sumu ya PCB, ambayo Mkataba wa Stockholm ulitaka itolewe katika vifaa kufikia 2025.

Jambo moja zaidi, kwa wafanyabiashara wetu wanaoagiza vifaa Ulaya. Baadhi ya kabini za kukatia umeme zina gesi ya SF6. Kilo moja ikivuja inapasha joto dunia sawa na karibu tani 24 za hewa ya kaboni, yaani karibu transfo kumi kama ile yetu. Tangu Januari 1, 2026, Ulaya imekataza kabini mpya za gesi hiyo hadi kilovolti 24. Sisi tunaogopa kwamba zilizokataliwa kule zitauzwa huku kama okazioni. Muulizeni muuzaji ndani kuna gesi gani, kabla ya kulipa.

Kwa kartie zinazochanga sasa: ulizeni mwaka wa kutengenezwa, na majibu ya kipimo cha mafuta kama ni ya okazioni. Wekeni pesa ya kinga ya radi ndani ya mchango wenyewe. Halafu fundi apime ampea za kila laini mara kwa mara, wamama wawili wakiandika daftarini, na apime saa moja jioni taa zote zikiwaka, si saa nne asubuhi.