Je, Mtoto Huyu ni Mzito wa Akili?

Msomaji, mama mmoja wa Eastleigh, Nairobi, aliniletea mtoto wa kaka yake, mvulana wa miaka tisa aliyetoka Diff, kule Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia. Shuleni alionyeshwa picha za treni, jokofu na mwavuli, akashindwa kuzitaja. Ikasemwa hana akili. "Daktari, mpe dawa ya kufungua kichwa," shangazi akaniomba.

Nilimpima macho, masikio na damu. Nikauliza kama amewahi kupatwa na degedege. Hakuna kasoro. Basi nikamwambia shangazi amwulize kwa Kisomali atamtambuaje ngamia wao akichanganyika na wa watu. Alieleza nyayo, mwendo na alama ya moto, kisha, bila kuombwa, akataja majina ya mababu zake mpaka nikaacha kuhesabu. Mtoto wa namna hii nimwandikie dawa gani?

Kosa hilo hata mabingwa wamelifanya. Liko jarida la sayansi ya akili liitwalo Behavioral and Brain Sciences, lililoanzishwa mwaka 1978. Hutoa makala moja ndefu, wataalamu wengine wakaipinga au kuiunga mkono humo humo, na mwenyewe akawajibu. Wazee wa Wajir waamuao kesi chini ya mti wangeuelewa utaratibu huo mara moja. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili wa Kanada waliandika humo kwamba mengi yanayoitwa "akili ya binadamu" yametokana na kupima watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Yaani, sampuli ya kijiji kimoja ikafanywa ulimwengu!

Hapa Kenya ushahidi ulikuwapo tayari. Mwaka 2001 jarida la Intelligence lilichapisha utafiti wa Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, waliulizwa kuhusu dawa za miti shamba. Waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati. Je, hao nao ni wajinga?

Sisemi kwamba kila anayechelewa darasani ni mzima. Mtoto mwenye usaha masikioni hasikii vizuri. Mwenye minyoo na upungufu wa damu husinzia. Anayekodoa macho na kunyamaza ghafla kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, huenda ana aina ya kifafa, na dawa yake ipo. Mpeleke hospitali. Lakini uliza pia alipimwa kwa lugha gani, na kama vitu alivyoulizwa amewahi kuviona.

Yule mvulana nilimrudisha shuleni na barua fupi, nikiomba afundishwe Kiswahili kwanza, na mtihani urudiwe baadaye.