Tiketi Inayokupangia Rangi

Kwenye Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi, Johannesburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001, somo huanzia kwenye tiketi. Inakupangia kiholela uwe mzungu au asiye mzungu, na kila kundi lina lango lake. Mimi nilipata uzungu. Mwenzangu, Mzungu wa kuzaliwa, akapitia lango la pili. Utani ulituishia tulipokuta vitambulisho vya enzi hizo vimepangwa nyuma ya vyuma. Sheria ya 1950 ilimwandikisha kila mtu kwa rangi, na rangi ikaamua akae wapi, asome nini, amuoe nani.

Ukifika huko, usikose kufika Soweto, kwenye makumbusho ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyeuawa kwa risasi za polisi Juni 16, 1976, wanafunzi walipoandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana.

Nauli ikikushinda, nenda Mazimbu, Morogoro. Vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto walisomea pale, katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa mwaka 1979. Makaburi ya wapigania uhuru yapo, na majengo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walimu, wapelekeni wanafunzi wenu.